Nilisaini Mifuko 200

Lori lilishusha mifuko 140 ya saruji ya kujengea zahanati. Karatasi ilisema 200. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, nami nikasaini 200, kwa kuwa mkuu wangu alisema iliyobaki ingefika wiki ijayo. Nilijua haiji. Bahasha sikupewa, na kwa muda mrefu nilijifariji kwa hilo, eti mikono yangu ni safi.

Mtunza stoo, binti tunayesali naye, alikataa kuingiza 200 kwenye leja. Jioni akanifuata nyumbani: "Shikamoo baba. Nifanyeje?" Mimi, mzee wa kanisa, nikamfungulia Mathayo 10, pale penye nyoka na hua. Nikamfafanulia busara ya nyoka kwa kirefu. Kwa hua sikufika.

Hakunisikiliza. Akaandikiwa barua ya utovu wa nidhamu, kisha akahamishiwa kituo cha mbali, mtoto wake akabaki kwa bibi. Kanisani tulimwombea. Maombi niliyaongoza mimi.

Nami nilikuwa nikipenda kumhubiri Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda: jinsi yeye na maaskofu wenzake walivyomwandikia Idi Amin kupinga mauaji, jinsi alivyokamatwa na kuuawa Februari 1977, serikali ikadai ni ajali ya gari. Watu walitokwa machozi. Sasa naona kwa nini nilimpenda hivyo: hakuna aliyekuwa akinitaka nife. Nilichotakiwa kutoa ni posho za safari na uso wa furaha wa mkuu wangu kila asubuhi, na hivyo ndivyo vilivyonishinda. Deni halikufutika kwa sababu nililikwepa. Alililipa binti.

Baadaye nilitubu ibadani, kwa maneno ya jumla: Bwana, tu wadhaifu. (Wingi huo ulinisitiri vizuri.) Watu wa Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, hawakutubu hivyo: mtu alitaja alichoiba, akakirudisha kwa mwenyewe.

Nilipompigia binti simu kuomba radhi, alininyamazia mpaka nikamaliza. "Nimeshakusamehe, baba," akasema. "Lakini faili langu bado linasema mimi ni mkaidi."

Basi nimeandika hesabu ya kweli, nikaipeleka ofisini na nakala kwa taasisi ya kuzuia rushwa, TAKUKURU. Uhamisho wake haujatenguliwa. Mimi nimepewa barua ya kujieleza, na wenzangu wa kamati hawaketi nami tena wakati wa chai. Mke wangu ameuliza mkopo wa nyumba utalipwa na nani; sikuwa na jibu. Mchungaji ananishauri nijiuzulu uzee wa kanisa kimya kimya, jina la kanisa lisichafuke. Nimemwomba dakika tano Jumapili niseme mwenyewe mbele ya watu. Anasema atalipeleka ombi langu kwenye baraza.