Mshono wa Sweta

Mnunuzi wa Bukavu ana desturi moja ambayo kila mama anayefuma aijua. Ukimpa sweta, hatazami rangi kwanza wala haulizi bei. Huigeuza ndani nje, akapitisha kidole ubavuni tangu kwapani mpaka kiunoni. Kidole kikikwama, bei imekwisha kushuka kabla hajafungua kinywa. Sisi tunaopokea kazi ya mama zetu wa parokia na kuwatafutia wanunuzi tumeiona desturi hiyo mara nyingi, nasi twasema mnunuzi ana haki. Kufuma ni kazi ya siku nyingi, kuunganisha vipande ni kazi ya saa chache. Nazo saa hizo chache zaweza kuipoteza kazi ya siku zote.

Pengine wasomaji watashangaa kuona katekista akiandika habari za sindano na sufu. Wasishangae. Sisi tuliolelewa seminarini hatukuwa na mama wala dada karibu wa kututengenezea nguo. Kifungo kikianguka, ulikishona mwenyewe. Soksi ikitoboka, uliiziba mwenyewe, au ulitembea na kidole gumba nje. Tena katika mji wetu sweta si pambo. Bukavu iko kadiri ya meta 1,500 juu ya bahari, upepo wa ziwa Kivu hupanda vilimani jioni, na usiku wa kiangazi, tangu mwezi wa sita hadi wa nane, hata mtu mzima hutafuta kitu cha kujifunika mabega. Ufumaji ulienea katika miji ya Kongo zamani za Wabelgiji, kwa masista na kwa zile nyumba za mafundisho ya wanawake zilizoitwa foyer social. Nyanya waliofundishwa huko wakawafundisha binti zao. Lakini, tuonavyo sisi, wengi walipokeza kufuma kuliko kushona. Wako mama wanaofuma huku wakizungumza, hata bila kutazama mikono yao, mstari baada ya mstari bila kosa. Wakifika penye mshono, wanashika sindano yoyote iliyo karibu na kushona kama wafungavyo gunia la maharagwe.

Jambo hili lilitugusa sana mwezi wa Agosti, mwaka 2025. Vita vilikuwa vimeingia mjini mwezi wa Februari, benki zikafungwa, fedha ikawa adimu mikononi mwa watu. Shule moja, ambayo hatutaitaja, ilikuwa imekubali kununua sweta thelathini za buluu iliyokolea, watoto wa masomo wazivae juu ya shati nyeupe. Mama tisa waligawana kazi: hawa migongo, hawa vifua, wale mikono. Sufu ilichukuliwa kwa deni. Ili mambo yaende upesi, vipande vya sweta kumi na mbili za kwanza vilipewa fundi wa cherehani, mtu hodari wa suti, naye alivishona kwa siku moja. Siku ya pili zikapelekwa shuleni, na siku hiyo hiyo zikarudi.

Msimamizi hakusema neno baya juu ya ufumaji. Alitandika sweta mezani tu, nasi tukaona alichokiona. Mishono ilikuwa ikipanda na kushuka kama mawimbi. Cherehani haiijui sufu: mguu wake huukanyaga ukingo na kuuvuta, na ukingo uliovutwa haurudi. Alisema kwamba kwa bei hiyo angeweza kununua mitumba ya Ulaya isiyo na makovu. Ilibaki kadiri ya wiki tatu kabla masomo hayajafunguliwa, na mwenye sufu alikwisha kuuliza mara mbili habari za fedha zake.

Aliyetuokoa ni mama mmoja mzee wa Kadutu, ambaye kwanza hakuwa katika hesabu ya wale tisa, kwa sababu macho yake yamepungua nguvu. Aliagiza mishono yote ya cherehani ifumuliwe, uzi mmoja mmoja, pasipo kukata sufu. Kazi hiyo peke yake ilikula siku mbili. Kisha akataka vipande vyote viloweshwe, vilazwe juu ya mkeka kivulini, vinyoshwe kwa mkono mpaka kila mgongo uwe sawa na kifua chake, na kuachwa vikauke vyenyewe. Mama mmoja alileta pasi, akafukuzwa nayo. Maana nyingi katika nyuzi ziuzwazo sokoni kwa jina la sufu si za kondoo, ni za kiwandani, akriliki. Pasi ya moto huziua, kitambaa kikalegea na kulala kama kitu kilichokufa, wala hakifufuki tena.

Basi tuseme namna yenyewe, kwani wako watakaotaka kuijaribu.

Watu wengi huweka vipande viwili uso kwa uso na kushona kwa upande wa ndani. Hapo mshonaji haoni kile ambacho wengine watakiona. Mama mzee aliviweka ubavu kwa ubavu, uso juu, kama milango miwili inayotaka kufungwa. Tulipomwuliza sababu, alicheka: “Mwalimu, wewe umeona wapi mtu akipaka nyumba rangi huku amekaa ndani?” Sindano yake ilikuwa butu, yenye tundu pana, isipasue uzi bali ipite katikati ya nyuzi. Uzi ulikuwa ule ule wa sweta. Mwenye busara huacha mkia mrefu anapoanza kipande, akaja kushonea huo, asiwe na fundo la kuanzia.

Sasa tazama ukingo wa kipande kilichofumwa. Usoni mwake vitanzi hupanda vimesimama safu safu, kila kimoja kama mkia wa mbayuwayu. Ukivuta kidogo kitanzi cha kwanza cha ukingoni na kile cha pili, utaona kati yao nyuzi ndogo za kulala, moja juu ya nyingine, kama vipandio vya ngazi. Kila mstari una kipandio chake. Siri yote ni hiyo. Sindano huingia chini ya kipandio kimoja upande wa kulia, kisha huvuka na kuingia chini ya kipandio kimoja upande wa kushoto, kisha hurudi kulia, na kila mara huingia pale pale ilipotokea mara iliyopita. Usivute bado. Uache uzi ulegee, uonekane kama ngazi nyingine kati ya vipande viwili. Ukimaliza mistari sita au minane, ndipo ushike uzi na kuuvuta taratibu kwa kufuata njia ya mshono. Vipande vitakaribiana, vitanzi viwili vya ukingoni vitageuka na kuingia ndani, na uso utajifunga. Sisi tulipoiona mara ya kwanza tulitafuta uzi ulikokwenda. Ukivuta mno, mshono hukunjamana na sweta hukataa kunyoka; ukivuta kidogo mno, mwanga hupita. Kipimo chake ni hiki: baada ya kuvuta, shika mshono juu na chini na kuunyosha, nao uzidi kidogo kama kitambaa chenyewe kinavyozidi.

Watu wa pwani wana kazi ya jamii hii katika mikeka yao, inayoshonwa kwa vipande virefu vilivyosukwa viitwavyo ukili, ukingo kwa ukingo, hata anayelala juu yake hasikii mahali pa mshono.

Shida yetu ilikuwa moja ambayo mtu afumaye peke yake haijui. Mikono tisa haifumi sawasawa. Huyu hukaza uzi, yule huulegeza. Mgongo mmoja ulikuwa na mistari 92 na kifua chake 96, nao urefu wao ni mmoja. Ukishona kipandio kwa kipandio, utafika kwapani upande mmoja umebaki na mistari minne isiyo na mwenzake. Mama mzee hakuanza kushona kabla hajatia pini: moja chini, moja juu, moja katikati, kisha katikati ya kila nusu. Katika kila robo upande wa mistari mingi ulikuwa umezidi kwa mstari mmoja tu; basi mahali pamoja katika robo hiyo sindano ilichukua vipandio viwili kwa pamoja upande huo, na kimoja upande wa pili. Mstari mmoja uliofichwa hapa, mwingine pale, jicho halioni. Lakini dawa hii ina mpaka. Migongo miwili ilipita vifua vyake kwa upana na urefu, hata pini hazikuweza kuwapatanisha, akaiweka kando.

Hapo mama mmoja kijana, aliyekuwa amechoka, aliuliza swali ambalo twalisifu. Alisema: Injili ya Yohane yatuambia kwamba kanzu ya Bwana wetu haikuwa na mshono, ilifumwa nzima tangu juu, na kwa ajili hiyo askari hawakuipasua wakaipigia kura. Mbona sisi tusifume sweta nzima namna hiyo, kwa mviringo, tukaepuka taabu hii? Ni kweli, sweta zaweza kufumwa hivyo, na ziko nchi zinazozifuma hivyo. Lakini sweta nzima hukaa mikononi mwa mtu mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho, nayo hulemea mapajani kadiri inavyokua. Vipande hugawanyika. Mama mwenye mtoto mchanga hufuma mkono mmoja nyumbani kwake Bagira, mwenzake hufuma mgongo akiuza nyanya kando ya njia, wala hawalazimiki kukutana jioni, wakati ambapo si salama kutembea. Tena mshono hushika umbo la nguo: sweta isiyo na mshono ubavuni huzunguka mwilini na kurefuka kwa kufuliwa. Mama yule alikubali, ingawa alisema kwamba askari wa zamani walikuwa na akili kuliko sisi.

Mabega yalishonwa kwa njia nyingine, kwa sababu pale ukingo si wa mistari bali wa vitanzi vilivyofungwa. Sindano hupita chini ya miguu miwili ya kitanzi upande huu, kisha chini ya miguu miwili ya kitanzi upande ule, na uzi huvutwa mpaka uwe mnene kama kitanzi kimoja. Ndipo waona kana kwamba mstari mmoja zaidi umefumwa. Iko pia namna ya kutofunga vitanzi kabisa, ikaunganishwa kwa uzi unaofuata mizunguko yao. Waingereza huiita kwa jina la Kitchener, yule jemadari aliyekufa baharini mwaka 1916, na hadithi yao husema kwamba alitaka soksi za askari zisiwe na mshono wa kuchubua vidole. Katika Afrika ya Mashariki Kitchener alikuwa na kazi nyingine kabla ya hiyo: mwaka 1885 alitumwa awe mjumbe wa Uingereza katika tume ya mipaka ya nchi za Sultani wa Unguja, hata katika mapatano ya mwaka 1886 Sultani akabakiwa, huko bara, na ukanda wa pwani wa maili kumi. Aliyesaidia kukata nchi vipande akapewa jina la mshono unaoficha vipande! Hata hivyo mama mzee hakuutaka mshono huo mabegani. Bega huchukua uzito wa sweta yote, alisema, na vitanzi vilivyofungwa huzuia lisinyoke.

Mikono ndiyo iliyotutoa jasho. Hapa juu ya mkono kuna vitanzi, na ubavuni mwa mwili kuna mistari, navyo si sawa: kitanzi ni kipana kuliko kimo chake. Katika sufu yetu vitanzi vitatu vilikuwa sawa na mistari minne. Kwa hiyo tulishona kitanzi kwa kipandio, kitanzi kwa kipandio, na kitanzi cha tatu kwa vipandio viwili. Tulianza katikati ya mkono, penye mshono wa bega, tukashuka mbele, kisha tukarudi juu na kushuka nyuma. Aliyeanza kwapani na kuzunguka alifika amepinda.

Kazi yote ilifanyika mchana. Buluu iliyokolea haionekani kwa taa, na umeme wa mji wetu hauagi unapokwenda. Kila mshonaji alitandika kitambaa cheupe magotini, ili weupe upenye kati ya nyuzi na kuonyesha vipandio. Mama mzee hakukihitaji. Alihesabu kwa ncha ya kidole, na macho yake yalikuwa mlangoni akiwaangalia wajukuu wake.

Sweta ishirini na nane zilipelekwa siku nne kabla ya kufunguliwa masomo. Shule ilizipokea zote, ikalipa nusu papo hapo, nusu mwisho wa Septemba, na mwenye sufu akalipwa kwanza, kabla ya mama yeyote kugusa faranga. Mikia ya nyuzi ilikuwa imefichwa ndani ya mishono yenyewe, upande mmoja ikipanda na upande mwingine ikishuka, isiweze kutoka kwa kufuliwa. Zile mbili zilizokataa kupatana zilifumuliwa, na sufu yake ikawa kofia za watoto wachanga. Kofia hizo hufumwa kwa mviringo kwa sindano tano, wala hazina mshono, na mama yule kijana ndiye aliyeomba apewe kuzifuma.