Popo, Walinzi wa Misonobari

Njoo, ndugu msomaji, nikutembeze leo katika nchi ya Ufaransa, kusini ya mji wa Bordeaux, upande wa Bahari ya Atlantiki. Mahali hapo huitwa Landes. Zamani palikuwa mbuga ya mchanga na maji yaliyotuama, na wachungaji wa kondoo walitembea juu ya milonjo, yaani miti mirefu iliyofungwa miguuni, wasilowe, tena wapate kuona mifugo yao mbali. Mwaka wa 1857 ikatolewa sheria ya kukausha mbuga ile na kupanda misonobari. Siku hizi msitu wake ni wa hekta 1,000,000 hivi. Kama umepita Sao Hill, kule Mufindi, umekwisha kuona misonobari iliyosimama safu safu. Hapa ni vivyo hivyo, ila huoni mwisho wake.

Basi adui wa misonobari hiyo ni kiwavi. Wakati wa baridi utaona matawini mifuko myeupe kama pamba: ndizo nyumba za viwavi, za hariri. Usiku hutoka wakala majani. Baridi ikielekea kwisha hushuka wakifuatana kichwa kwa mkia, mstari mrefu, wakajifukia mchangani. Usiwaguse! Vinyweleo vyao huwasha vibaya sana, na mbwa akiwalamba ulimi wake waweza kuoza.

Wakati wa joto hutoka ardhini wakiwa nondo, nao huruka usiku. Hapo popo huwangojea. Wataalamu walitega mitego yenye harufu ya nondo jike, wakaweka na vyombo vya kunasa sauti za popo, ambazo sikio la mtu halizisikii. Habari zao zilitolewa mwaka wa 2014: penye nondo wengi, popo nao walizidi, na pale popo walipozidi, mifuko ya viwavi ilipungua katika baridi iliyofuata. Nondo jike hutaga mayai zaidi ya mia, kwa hiyo mmoja akiliwa mapema si jambo dogo.

Shida ni nyumba. Msonobari wa kupandwa hukatwa ungali kijana, hauna mashimo ya kulala popo. Wao hupenda mialoni mizee yenye mapango, kama ile iliyobaki kando ya vijito. Mwenye shamba akiikata ili aongeze safu mbili tatu za misonobari, amewafukuza walinzi wake.