Gari Limekataa

Gatsata, Kigali, Jumatatu, 10 Novemba 2025
Leo gari limenikatalia. Ni la 2021, limetoka Ubelgiji, mwenyewe kalinunua limeshatumika. Taa ya injini inawaka. Nikachomeka skana kwenye ile soketi ya pini 16 chini ya usukani, kodi zikasomeka zote (za injini, si zile za RRA, mamlaka ya mapato). Sensa ya moshi imekufa, nikaibadilisha. Nilipobonyeza kufuta, jibu likaja: huna ruhusa. Nikajaribu mara nne, mwenye gari kasimama nyuma yangu, mikono kifuani. "Fundi, si ulisema dakika kumi?" Tangu REMA, mamlaka ya mazingira, ianze vipimo vipya vya moshi mwezi Agosti, hakuna anayetaka kupanga foleni na taa inawaka.

Jumatano, 12 Novemba
Kijana wangu anajua dawa: toa redio, nyuma yake kuna kiboksi cha lango kinachoninyima ruhusa, kiruke kwa waya. Waya wenyewe unauzwa. Nimemkatalia, naye kanuna mpaka saa ya chakula.

Nikamsimulia ya Jeep Cherokee. Mwaka 2015, Charlie Miller na Chris Valasek waliingia kwenye gari hilo kwa intaneti, kupitia redio yake, wakalizima likiwa barabara kuu, dereva ndani. Yeye alikuwa amekubali kujaribiwa, lakini hata hivyo jasho lilimtoka. Magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Kiboksi anachotaka kukiruka kinatokana na mambo kama hayo: anayetokea kwenye redio asifike kwenye breki. Akaniuliza, "Sasa mzee, sisi ndio wezi?" Sikuwa na jibu la haraka.

Jumapili, 16 Novemba
Mvua kutwa, nimesoma. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 155 ilipitishwa Juni 2020, na tangu Julai 2024 gari jipya haliuzwi Ulaya kama aina yake haijathibitishwa kuwa imelindwa dhidi ya wadukuzi. Sisi huku usukani uko kushoto, kwa hiyo mitumba ya Ulaya inatufaa bila kubadilishwa. Gari la 2024 litashuka Gatsata likiwa limechoka, labda 2030, na kufuli lake halitakuwa limechoka.

Lililonifurahisha ni hukumu ya Mahakama ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg, 5 Oktoba 2023. A.T.U. na Carglass, kampuni za matengenezo ya magari, waliishtaki FCA Italy, mtengenezaji wa Fiat, kwa sababu fundi alitakiwa ajisajili, alipie na aunganishwe na seva ya kampuni hiyo ndipo aruhusiwe kuandika chochote kwenye gari. Kampuni ikajitetea kwa usalama wa mtandao. Mahakama ikasema mtengenezaji hawezi kujitungia masharti ambayo sheria ya Ulaya haikuyaweka. Safi kabisa! Ila hukumu hiyo ni ya mafundi wa kule. Ulaya pia wana utaratibu uitwao SERMI: fundi huru anachunguzwa, akifaa anapewa cheti cha kugusa mambo ya funguo na kinga ya wizi. Mimi ningekubali kuchunguzwa hata kesho. Mlango wa kubisha ndio sijauona.

Alhamisi, 20 Novemba
Nimepekua kompyuta yangu ya gereji, na afadhali mke wangu hakuwepo. Programu ya kupimia ni ya wizi, imevunjwa kufuli ya leseni. Aliyeniuzia kwenye flashi aliniambia nizime kwanza kinga ya virusi, nami nikazima. Miaka sita haijawashwa. Kuna faili la namba za siri za funguo za wateja, pamoja na majina, simu na namba za magari. Sheria ya Rwanda namba 058/2021 ya kulinda taarifa za watu inanihusu, na hapo nimekuwa nikilalamikia kufuli za Wazungu. Nenosiri la Wi-Fi ni jina la gereji, lile lile lililoandikwa ukutani.

Faili nimelifuta. Kompyuta nimeisafisha yote, nikaanza upya.

Jumamosi, 29 Novemba
Baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, tumekaa mafundi watano chini ya mwembe. Tumekubaliana kuchanga tununue skana moja yenye leseni, kila atakayeitumia aandike jina lake daftarini. Mzee wa gereji ya juu hakuchanga. "Mimi nasikiliza injini kwa bisibisi sikioni," akasema, "bisibisi haiombi nenosiri." Tukacheka, ingawa Jumanne alinipigia nimsomee kodi za gari la mkwewe.

Lile gari la Ubelgiji nililipeleka kwa mwenzetu mwenye akaunti halali. Taa ilizimwa ndani ya dakika mbili. Malipo nimetoa mimi mfukoni. Skana yangu ya zamani nimeiweka kabatini. Kwa Corolla za 2006 bado inatosha, na nyingi ninazopokea ni hizo.