Kuchagua Ndege Ndogo ya Balsa

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hii ina ukweli wake. Yupo mtu anayezunguka madukani msimu mzima akipima mipini, mvua ikanyesha, ikakatika, na shamba lake likabaki pori. Lakini mimi nadhani methali hiyo ilitungwa na mtu aliyekuwa na jembe tayari nyumbani. Mwenye fedha ya jembe moja tu, asiyejua lini atapata ya jembe la pili, hana budi kuchagua. Kwake yeye kuchagua si kukwepa kazi. Kazi yenyewe huanzia hapo.

Nilichokuwa nikikichagua mimi hakikuwa jembe. Kilikuwa mchezo. Kwa miezi minne, kila nilipomaliza zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Uingereza, nilikaa mezani na penseli na daftari nikipiga hesabu za ndege ndogo ya sarakasi: ya mbao ya balsa, yenye mota ya umeme, inayoongozwa kwa redio na mtu aliyesimama chini. Najua baadhi ya wasomaji watacheka. Mtu aliyevuka miaka hamsini, mwenye ndugu wanaomtegemea, anahangaika na ndege ya kuchezea! Wacheke, lakini wavumilie kidogo. Katika kuchagua kitu kidogo kama hiki nililazimika kujibu maswali ambayo katika mambo makubwa nilikuwa nikiyapita kando.

Neno la kwanza ni ndogo. Udogo wa ndege yangu haukutokana na hekima yoyote, ulitokana na nyumba. Ninaishi ghorofa ya tatu, ngazi ni nyembamba, na kitanda na meza vinagombea chumba kimoja. Ndege yenye mabawa ya mita 2, kama zile zinazoshindaniwa katika mashindano ya dunia, ingenihamisha mimi mwenyewe. Nikaweka mpaka: bawa hadi bawa isizidi mita 1, na mabawa yafunguke ili yaingie chini ya kitanda.

Lakini udogo una gharama yake. Upepo usiomtikisa mkubwa humyumbisha mdogo. Tena ndege ndogo hupotea upesi machoni. Ikifika mbali kidogo huwezi kujua inakuja au inakwenda. Kwa hiyo mwenye ndege ndogo lazima ahesabu uzito kwa gramu, kama sonara. Mabawa ya ndege niliyoitaka yana eneo la desimeta mraba 23. Ikiwa ndege nzima na betri yake ina gramu 750, kila desimeta mraba inabeba kiasi cha gramu 33, na ndege itatua polepole, kwa adabu. Ikifika gramu 900, kila desimeta mraba inabeba gramu 39, na ndege hiyo hiyo italazimika kuruka kwa kasi zaidi ili tu isianguke. Gramu 150 ni uzito wa embe dogo, lakini huko juu embe hilo linabadili tabia ya chombo kizima.

Sisi tuliokulia pwani tunalijua jambo hili bila daftari. Nani kati yetu hakutengeneza tiara? Ulichambua chelewa za makuti moja moja, ukaitupa iliyo nene, ukabakiza iliyo nyembamba inayopinda bila kukatika. Ulibandika karatasi kwa uji, na uji ukizidi tiara ilikuwa nzito, ikaburuzika mchangani huku wenzako wakikuzomea. Niliposoma kwamba ndege ya balsa ni mbavu nyepesi zilizovikwa ngozi nyembamba, nilijiona nimerudi darasani kwa somo nililokwisha kulisoma.

Neno la pili ni umeme. Miaka ya nyuma warushaji wengi walitumia injini ndogo zinazokunywa mchanganyiko wa methanoli na mafuta, mara nyingi ya nyonyo. Zilipiga kelele kama nyigu waliokasirishwa, na jioni ulifuta mafuta kwenye kila sehemu ya ndege. Umeme ulijaribiwa mapema: mwaka 1957 Kanali H. J. Taplin, hapa hapa Uingereza, alirusha kwa redio ndege kubwa yenye mota ya umeme. Ila kwa miaka mingi betri zilikuwa mzigo. Ili kupata volti 11 hivi kwa seli za nikeli-kadimiamu zenye nguvu ya kutosha, ulihitaji seli 9 zenye uzito wa karibu nusu kilo. Leo betri ya lithiamu yenye seli 3, volti 11.1 na miliampia-saa 2,200 haifiki gramu 200. Tofauti hiyo ndiyo iliyoniwezesha mimi mwenye chumba kimoja kuingia katika mchezo huu.

Hesabu yake si ngumu. Mota ikivuta ampia 30 wakati betri imeshuka hadi volti 10 kwa uzito wa kazi, unapata wati 300. Ukizigawa kwa ndege ya gramu 750, ni wati 400 kwa kila kilo, nazo zinatosha kuipandisha wima. Na muda? Betri hii haifai kukaushwa. Unatumia sehemu nne kati ya tano, yaani miliampia-saa 1,760. Kwa wastani wa ampia 15, hizo ni dakika 7. Saba tu! Mwanzoni zilinihuzunisha. Baadaye nilipokuwa nikitazama wengine wakirusha niliona kwamba dakika 7 za kutopepesa macho ni nyingi, na kwamba mrushaji huchoka kabla ya betri.

Tena betri hizi zinataka heshima. Zikitobolewa au kuchajiwa vibaya huwaka moto usiozimika kwa urahisi. Huchajiwa mtu akiwa macho, katika mfuko usioshika moto, na zikikaa bila kazi huachwa na volti 3.8 kwa kila seli, si kamili wala tupu. Mtu wa zamu za usiku ana kishawishi cha kuchaji huku amelala. Nilijiwekea sheria kabla ya kununua betri ya kwanza.

Neno la tatu, na ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote, ni balsa. Ndege nyingi za siku hizi ni za povu gumu, jamaa ya lile linalofungashiwa televisheni mpya. Povu ni rahisi, na ndege yake ikianguka unaiokota, unaitia gundi, unarusha tena mchana huo huo. Balsa ikianguka inavunjika vipande. Basi kwa nini nisichukue povu nikastarehe?

Sababu ya kwanza ni ugumu wa bawa. Povu hupinda kidogo linapoamriwa, na amri hufika imechelewa. Balsa haipindi hivyo. Unachosema kwa kidole ndicho ndege inachofanya. Sababu ya pili ni mbao yenyewe. Mbalsa ni mti wa Amerika ya kitropiki, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya balsa inayouzwa duniani imetoka Ekwado. Jina lake ni neno la Kihispania lenye maana ya chelezo, na kwa chelezo cha magogo yake Thor Heyerdahl na wenzake walivuka Bahari ya Pasifiki mwaka 1947. Ndege ya vita ya Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1940, ilikuwa na balsa katikati ya ngozi zake za mbao. Meta moja ya ujazo ya mvule huzidi kilo 600. Ya balsa ni kiasi cha kilo 160. Na lililonifurahisha zaidi ni nasaba yake: mbalsa ni wa jamaa moja na mbuyu na msufi. Kumbe mti wa ndege yangu ni ndugu wa ule uliotupa sufi ya mito ya kulalia!

Neno la nne ni sarakasi, na hapa ndipo mtu huulizwa ana nia gani. Ndege ya mwanafunzi ina bawa juu ya kiwiliwili, lililokunjwa kidogo kwenda juu kama mikono ya mtu anayeomba dua. Ukiiachia, hujirudisha yenyewe ikakaa sawa. Ndege ya sarakasi ina bawa lililonyooka, katikati ya kiwiliwili, na umbo la bawa hilo juu na chini ni sawa, ili iruke chali kama inavyoruka kifudifudi. Ukiilaza kushoto, inabaki imelala kushoto mpaka uiambie vinginevyo. Ile ya kwanza hukusahihisha. Hii hukutii tu, hata unapoiambia ijipigize chini. Ndiyo maana warushaji wana wasia wao: panda juu kiasi cha makosa mawili, ili ukifanya la kwanza upate nafasi ya kulirekebisha kabla ya la pili.

Nilikuwa nimerusha ndege ya mwanafunzi kwa misimu miwili katika malisho ya kondoo ambako klabu yetu hukutana, na mkono ulikwisha kutulia. Nilitaka chombo kisichonibembeleza. Kazini kwangu kila kitu kina mshikio na kila sakafu ina zulia la kuzuia kuteleza, na ni haki iwe hivyo kwa wazee wetu. Labda kwa sababu hiyo nilitamani dakika 7 za jambo ambalo nikilikosea linavunjika kweli.

Basi ndege nilikwisha kuijua. Lililobaki lilikuwa fedha. Ndege iliyokwisha kuundwa kiwandani, pamoja na mota, servo nne za kusukuma vibawa, betri na chaja, ingenigharimu pauni 280. Fedha hizo nilikuwa nazo. Wiki hiyo hiyo dada yangu alinipigia kutoka Tanga. Binti yake anasomea uuguzi, na ada ya muhula ilikuwa imepungua.

"Kaka, mpwa wako hataki nikuambie," alisema. "Anasema Mjomba naye ana maisha yake."

Nilimwuliza imepungua kiasi gani. Akataja. Ilikuwa pauni 190 na ushei. Sikumficha, nikamwambia nilikuwa nikiweka akiba ya kununua ndege. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ndege ya tiara ile ile, kaka, au nyingine?" Tukacheka wote wawili mpaka machozi. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Usiache kununua. Nunua polepole."

Huko ughaibuni sisi tunaotuma fedha nyumbani tumezoea kuona mambo haya kama mizani yenye vitanga viwili: kikipanda cha ndugu kinashuka changu. Wengine hutuma kila kitu, wakazeeka na uchungu usio na jina. Wengine hufunga simu. Dada yangu, ambaye hajawahi kuiona mizani hiyo, alinionyesha kwamba suala halikuwa nani apate na nani akose. Lilikuwa nani atangulie. Ada ina tarehe. Ndege haina.

Nilituma ada siku ile ile. Kisha nikafungua daftari upya, na hesabu ikanipa ndege nyingine kabisa: si ya kiwandani bali ya kujenga mwenyewe, kisanduku cha vipande vya balsa vilivyokatwa tayari, pauni 85. Mwezi wa kwanza kisanduku. Mwezi wa pili gundi na servo. Wa tatu mota na kidhibiti chake. Betri mwisho, maana betri huzeeka hata ikikaa kabatini. Uchache wa fedha ulinielekeza kwenye chaguo ambalo wakongwe wa klabu walikuwa wakinishauri tangu mwanzo, kwani aliyeunganisha mbavu za bawa kwa mkono wake anajua pa kuanzia siku litakapovunjika.

Sasa mabawa yako mezani, mifupa mitupu. Nimejifunza kwamba balsa si mbao moja: ipo inayopinda kama karatasi, ifaayo kuvika mgongo, na ipo iliyo kavu na ngumu, ifaayo mbavu, tofauti ni namna gogo lilivyopasuliwa. Nimejisajili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya hapa, kama inavyotakiwa tangu 2019 kwa ndege yenye uzito huu, na bima ya klabu nimelipia. Mpwa wangu amemaliza muhula, na huniandikia kuuliza bawa la pili limefika wapi. Mimi humwuliza anatomia imefika wapi.

Iliyobaki ni ngozi, ile plastiki nyembamba inayobanwa kwa pasi ya moto mpaka ikakaza kama ngoma. Rangi nimekwisha kuichagua: juu nyekundu tupu, chini nyeupe yenye mistari mipana myeusi. Si kwa urembo. Ndege ndogo ikiwa juu, kabla ya kuigusa kwa amri yoyote, mrushaji anapaswa kwanza kujua imelala chali au kifudifudi.