Jina Ambalo Halikuwamo Karatasini



Wapendwa wanaparokia, mtakumbuka kwamba mwezi Julai 2024 sikuwa pamoja nanyi. Nilikwenda kusaidia kazi za kichungaji katika parokia moja ya mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Tangu niliporudi, baadhi yenu mmeniuliza niliona nini huko. Leo napenda kuwasimulia ubishi wa wazee wawili juu ya mchezo ambao wengi wetu hatuujui, yaani besiboli.

Kwa ufupi, besiboli ni mchezo wa gongo na mpira. Mrushaji anatupa mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne ili aipatie timu yake alama. Ligi yao kuu imegawanyika sehemu mbili, Ligi ya Marekani na Ligi ya Taifa. Katikati ya msimu, mwezi Julai, wachezaji bora wa pande hizo mbili hukutana katika pambano moja liitwalo Mchezo wa Nyota. Kikosi cha kwanza huchaguliwa na mashabiki kwa kura. Na penye kura, ndugu zangu, hapakosi maneno.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa miaka 79, mzaliwa wa Cincinnati, shabiki wa timu ya mji wao, Cincinnati Reds. Jirani yake, mzee wa rika lake, ni Mmarekani mweusi aliyehamia hapo na wazazi wake kutoka Chicago akiwa mtoto. Kwa miaka mingi wazee hao wana desturi moja. Kila mwaka, kabla ya Mchezo wa Nyota, kila mmoja huandika kikosi chake kwenye karatasi, kisha hukaa barazani jioni, wakabadilishana karatasi na kubishana mpaka mbu wawafukuze.

Jioni ile ubishi ulianza na kijana wa Reds, Elly De La Cruz kutoka Jamhuri ya Dominika, mwenye mbio kama paa. Mashabiki walikuwa wamemchagua Trea Turner wa Philadelphia katika nafasi yake, na De La Cruz akaingizwa kama mchezaji wa akiba. Mwenyeji wangu alisema huo ni uonevu. Jirani akacheka, akasema, "Wewe hata kungekuwa na kiti cha mkono chenye jezi ya Reds, ungekipigia kura."

Kisha wakahamia kwenye kanuni isemayo kwamba kila timu, hata ile inayoburuta mkia, lazima iwe na angalau mchezaji mmoja katika Mchezo wa Nyota. Mwenyeji wangu aliona kanuni hiyo inawanyima nafasi wachezaji bora zaidi. Jirani akajibu kwamba mtoto wa mji ambao timu yake inafungwa kila siku naye anahitaji mtu wa kumshangilia. Nikiwa mgeni nilinyamaza, ingawa moyoni niliona kila mmoja ana haki yake.

Ndipo mwenyeji wangu, labda kwa kutaka kunifurahisha, akaanza kusimulia mwaka 1957. Alikuwa na umri wa miaka 12. Gazeti la mji lilichapisha karatasi za kura zikiwa tayari zimejazwa majina ya wachezaji wa Cincinnati, na watu wakazituma kwa wingi usio wa kawaida. Yeye mwenyewe, alisema kwa fahari, alituma arobaini. Kura zilipohesabiwa, kati ya nafasi nane za Ligi ya Taifa, saba zilikuwa zimechukuliwa na wachezaji wa Cincinnati. Aliyeponea chupuchupu alikuwa Stan Musial wa St. Louis, katika kituo cha kwanza.

Nchi nzima ilipiga kelele. Kamishna wa besiboli, Ford Frick, akawaondoa katika kikosi cha kwanza wachezaji wawili wa Cincinnati, Gus Bell na Wally Post, na nafasi zao akawapa Willie Mays na Hank Aaron. Mashabiki wakanyang'anywa kura, wasirudishiwe mpaka mwaka 1970. Miaka yote hiyo wachezaji, makocha na mameneja ndio waliochagua. "Nililia," alisema mzee. "Nilikuwa mtoto, nikaona tumedhulumiwa."

Jirani alikaa kimya kwa muda. Willie Mays alikuwa amefariki dunia mwezi uliotangulia, tarehe 18 Juni 2024, akiwa na miaka 93, na wote wawili walikuwa bado wanamwomboleza. Hatimaye alisema kwa sauti ya chini, "Rafiki yangu, umenisimulia habari hiyo kwa miaka thelathini. Hujawahi kuniuliza hao wawili walioingia walitoka wapi."

Ndipo nilipojifunza jambo nisilolijua. Mays alianza katika timu ya Birmingham Black Barons, na Aaron katika Indianapolis Clowns, timu za ligi za watu weusi. Kwa zaidi ya miaka sitini, kabla ya Jackie Robinson kuingia uwanjani tarehe 15 Aprili 1947, ligi kuu zilikuwa zimewafungia mlango watu weusi. Hapakuwa na ubishi juu ya kumchagua au kutomchagua mchezaji mweusi, kwa kuwa jina lake halikuandikwa mahali popote pa kuchaguliwa.

Jirani akaendelea. Mchezo wa Nyota wa kwanza ulichezwa tarehe 6 Julai 1933 katika uwanja wa Comiskey Park, Chicago. Babe Ruth aliupiga mpira ukavuka uzio, na Ligi ya Marekani ikashinda 4 kwa 2. Kila kitabu cha besiboli kinasimulia siku hiyo. Miezi miwili baadaye, tarehe 10 Septemba 1933, katika uwanja huohuo, wachezaji weusi walifanya pambano lao la nyota, Mashariki dhidi ya Magharibi. Mashabiki weusi walikuwa wamewachagua kwa kura kupitia magazeti yao, kama vile Chicago Defender na Pittsburgh Courier. Magharibi walishinda 11 kwa 7. Mwaka 1943 watu zaidi ya 50,000 walifika kulitazama pambano hilo.

Baba yake jirani alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakienda. Alipenda kumsimulia mwanawe habari za Josh Gibson, mdakaji ambaye mapigo yake yaliwatisha warushaji wote. Gibson alifariki dunia mwezi Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu tu kabla ya mlango kufunguliwa kwa Robinson. Mwaka 2020 uongozi wa besiboli ulikubali kwamba ligi saba za watu weusi zilizochezwa kati ya 1920 na 1948 zilikuwa ligi kuu kamili, na mwezi Mei 2024 takwimu zake zikaingizwa katika kumbukumbu rasmi. Wastani wa upigaji wa Gibson, .372, ukawa wa juu kuliko wote, ukampita Ty Cobb mwenye .367. "Baba hakuishi kuona siku hiyo," alisema jirani, "lakini hesabu hizo alizijua siku zote."

Mwenyeji wangu hakujibu neno. Alichukua karatasi yake ya kikosi, akaikunja, akaitia mfukoni. Baadaye, jirani alipokwisha kwenda, aliniambia, "Padre, zile kura arobaini nilizituma kwa mkono wangu. Sikuwaza hata mara moja nilikuwa ninamsukuma nani nje."

Usiku ule sikupata usingizi upesi, na si kwa sababu ya besiboli. Nilimkumbuka kijana mmoja niliyesoma naye. Tulipokuwa kidato cha tatu nilikabidhiwa kazi ya kuandika majina ya timu ya mpira wa miguu. Niliandika majina ya wenzangu wa bweni. Kijana huyo alikuwa wa kutwa, akitembea kutoka kijijini kila asubuhi, na golini hakuwa na mfano wake shuleni petu. Hatukubishana juu yake hata kidogo, kwa maana sikumtaja. Tulishinda mechi ile, na furaha ya ushindi ikanisahaulisha kabisa. Yeye aliendelea kuja mazoezini kutuokotea mipira, na mimi nilidhani ameridhika.

Ndugu zangu, tukipendelea walio wetu, kama watu wa Cincinnati mwaka 1957, kosa hilo huonekana, hupigiwa kelele na hurekebishwa. Kosa la kutoliandika jina halina kelele, kwa sababu wanaobishana wote wamekwisha kukubaliana bila kujua. Hata nyumbani kwa Yese, mwana aliyekuwa machungani hakuitwa mpaka Samweli alipouliza kama vijana wote wamekwisha.

Basi tunapokaa kuchagua, iwe timu ya vijana, kamati ya harusi au viongozi wa jumuiya, tubishane kwa upendo juu ya majina yaliyoandikwa. Ubishi si dhambi. Lakini kabla ya kuhesabu kura, mmoja wetu ainuke aulize: nani hayumo katika karatasi hii, na kwa nini?

Yule kijana wa kutwa nimeanza kumtafuta. Nikimpata, nitamwomba radhi.

Nawatakieni Dominika njema.

Paroko wenu