Simu Isiyosikiliza

Msimu wa kilimo uliopita, mimi na wanafunzi wangu hapa Mbeya tuliandika programu fupi ya kuwapigia simu wakulima. Mashine ilipiga yenyewe, na sauti tuliyoirekodi ikauliza: "Kama ulipata mbolea ya ruzuku kabla ya mvua za kwanza, bonyeza moja. Kama hukupata, bonyeza mbili." Namba tulipewa na wakulima wenyewe, wa Mbeya Vijijini na wa Kilolo mkoani Iringa, kwa ridhaa yao.

Majibu yaliporudi, sehemu kubwa ya safu ilikuwa tupu. Katika rasimu ya ripoti, iliyokuwa isomwe mbele ya kikao cha watendaji, niliandika kwa mkono wangu: "Wakulima wengi hawana maoni." Sentensi ile ilinipendeza. Nilikwisha kuanza hata kuiandalia mhadhara kuhusu woga wa raia kusema.

Kabla ya kikao nilipanda basi hadi Iringa, kisha nikapandisha milima kwenda Kilolo. Mama mmoja mzee aliyekuwamo katika orodha yetu alinipokea kwa "Kamwene," akanipa kigoda. Nilipomuuliza kwa nini hakujibu, alitoa simu yake ndogo ya batani, ile tuiitayo kitochi, akanionyesha kidole.

"Mwanangu, nilibonyeza mbili. Tena mara tatu. Ile simu yenu haisikilizi, inasema tu."

Alikuwa sahihi kuliko sisi tuliosoma. Kila kitufe cha simu hutoa milio miwili kwa pamoja. Kitufe cha mbili hutoa wa hezi 697 na wa hezi 1336. Mfumo huu ulianza kutumika Marekani mwaka 1963. Kazi ya programu ni kuitambua milio hiyo na kuiandika kama tarakimu. Lakini sisi tulitumia amri inayocheza sauti hadi mwisho bila kupokea kitufe chochote, na ndipo tukaweka amri ya kusikiliza, kwa sekunde tano. Baada ya "bonyeza mbili" nilikuwa nimeongeza shukrani ndefu, kwa Kiswahili sanifu. Mama yule alijibu wakati mimi bado nashukuru. Adabu yangu ilimeza jibu lake. Sekunde tano zilipoanza kuhesabiwa, yeye alikwisha kuweka simu chini, akiamini amesema.

Kosa la amri lilirekebishwa jioni moja: tulitumia amri inayocheza sauti huku ikisikiliza, tukafuta shukrani, tukaweka nafasi ya kurudia swali. Kosa la pili lilikuwa zito zaidi, nalo lilikuwa langu. Asiyepokea simu, aliyepokea asibonyeze, na aliyebonyeza tarakimu tusiyoitarajia, wote nilikuwa nimewatia katika safu moja. Kisha safu hiyo nikaipa maana ya kisiasa.

Utafiti wa Sauti za Wananchi, unaoendeshwa na Twaweza, nao huwafikia watu kwa simu. Lakini anayeuliza ni binadamu. Mhojiwa anaweza kumwambia, "Rudia, sijakuelewa." Mashine ni nafuu, haichoki, nami sipendekezi tuiache. Ila kadiri anayeuliza anavyokuwa mbali na anayejibu, ndivyo wajibu wa kuchunguza ukimya unavyoongezeka. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi tulikuwa tumeuziba mshindo wenyewe.

Ripoti niliiondoa katika ajenda, tukapiga simu upya. Mama wa Kilolo safari hii alisikika: mbili.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi wa umma, ukiletewa jedwali lenye safu ya "hakujibu," usiligonge muhuri kabla ya kuuliza: simu ilipokelewa? Mashine ilikuwa inasikiliza wakati gani? Nanyi wanafunzi na wanaharakati, kabla hamjawalaumu wananchi kwa kunyamaza, jipigieni simu yenu wenyewe kwanza, mbonyeze mbili mapema.