Wiki Moja kwenye Ziwa la Der: Samaki Tuliyemrudisha Majini



Wengi mnatuuliza: wakati wa likizo, ninyi mlio Ulaya mnaenda wapi na watoto? Leo tunajibu. Sisi ni dada watatu, mabinti wa mama muuza sambaza, na tunakaa mji wa Reims, upande wa kaskazini-mashariki ya Ufaransa. Mwaka huu hatukwenda baharini. Tulikwenda kuvua samaki kwa wiki nzima, na samaki wenyewe hatukula hata mmoja. Msicheke kwanza, tungojeni tueleze.

Jambo lilianza na kijana wetu. Ni mtoto wa dada yetu wa katikati, ana miaka 15. Tangu Pasaka alikuwa haongei na mama yake. Hakumtukana, hakumkosea adabu. Alikuwa anajibu neno moja kwa Kifaransa, anakula, anafunga mlango wa chumba. Kila mama mwenye kijana anajua mlango ule. Dada yetu alijaribu ukali, akajaribu upole, akajaribu maombi. Mlango ulibaki umefungwa.

Kitu kimoja tu kilimtoa nje: kuvua samaki. Mzee jirani, mstaafu, alimfundisha kwenye mfereji wa karibu na kwetu. Siku moja mtoto akasema: "Kama mnataka kunipa zawadi, nipelekeni wiki moja kwenye Ziwa la Der." Lilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizotupa miezi ile. Tukafungua likelemba yetu sisi dada watatu, ile tunayoweka euro 10 kila mtu kila mwisho wa juma, na mwezi wa saba tukapanga nyumba ndogo ya mbao karibu na ziwa. Tulikuwa wamama watatu na watoto watano.

Ziwa la Der liko mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Reims, kati ya miji ya Vitry-le-François na Saint-Dizier. Si ziwa aliloliumba Mungu kama Kivu. Ni watu walilitengeneza kwa kulizungushia kuta za udongo, na kazi ikaisha mwaka 1974. Lina eneo la kilometa za mraba 48. Ziwa letu la Kivu linalipita karibu mara 50, lakini kwa maziwa yaliyotengenezwa na watu huko Ufaransa, ni kubwa sana. Kazi yake ni kulinda mji wa Paris. Mwaka 1910 mto Seine ulifurika ukaingia katika nyumba na barabara za Paris. Basi sasa wakati wa baridi na mvua wanachukua maji ya mto Marne, unaoingia katika Seine, wanayaweka hapa. Kiangazi wanayafungulia kidogo kidogo ili mito isikauke. Kwa hiyo ukienda mwezi wa saba unakuta maji mengi, na ukirudi mwezi wa kumi na moja unakuta matope mapana na makundi makubwa ya korongo wanaopumzika safarini.

Samaki tuliyemfuata anaitwa karpe. Ni mnene, ana mdomo laini usio na meno, na ndevu nne ndogo pembeni. Meno yake yako ndani ya koo. Asili yake ni mito ya upande wa Danube, na zamani watawa walimfuga katika mabwawa ili wapate chakula siku za Ijumaa na za Kwaresima, wakati nyama ilikatazwa. Tulipowasimulia watoto habari hiyo tuliwakumbusha kwamba hata sambaza wetu si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika miaka ya mwisho ya 1950, na leo mama zetu wanalisha watoto na kulipa shule kwa sababu yake.

Sasa mambo ya vibali, maana Ufaransa huwezi kutupa ndoana tu kwa sababu una njaa. Kila mvuvi katika maji ya watu wote ananunua kadi. Kuna kadi ya watu wazima, kadi ya vijana wa miaka 12 hadi 17, kadi ya watoto wadogo, na kuna kadi ya wanawake, ya bei ndogo, inayokuruhusu kutumia fimbo moja. Kijana alichukua yake, na mkubwa wetu akachukua ile ya wanawake. Alisema: "Nimeuza samaki miaka kumi na sijawahi kumvua hata mmoja. Leo nitaona."

Pia kwa kawaida sheria haikuruhusu kuvua usiku. Karpe anaweza kuvuliwa usiku, lakini katika sehemu zilizowekwa alama tu. Karpe aliyevuliwa usiku lazima arudi majini. Na karpe anayepita sentimeta 60 haruhusiwi kusafirishwa akiwa hai, kwa sababu wako watu wanaowaiba wale wakubwa na kuwauza kwa wenye mabwawa. Tulipoyasikia hayo, mdogo wetu akapiga mikono: "Yaani tumelipa nyumba, tumelipa kadi, tutakesha na mbu, halafu tumwachilie?" Kijana akajibu bila kugeuka: "Ndiyo, mama mdogo."

Chambo kilitupatanisha kidogo. Wavuvi wa kule wanatumia vidonge vya unga na mayai, vinakandwa, vinachemshwa, vinakaushwa, ukubwa wake kama gololi. Ukiviona unafikiri mtu ametengeneza mandazi ya panya. Vinauzwa ghali, na fuko la kijana likaisha siku ya pili. Akasema mahindi nayo yanafaa. Hapo tukasimama sisi! Mahindi makavu hayatupwi hivi hivi, yatavimba tumboni mwa samaki na kumdhuru. Unayaloweka usiku na mchana, halafu unayachemsha mpaka yalainike. Nani atatufundisha wanawake wa Kivu kuchemsha mahindi? Sufuria ikawekwa, watoto wadogo wakala nusu, nusu ikaenda ziwani.

Punje haichomwi kwenye ndoana. Inafungwa kwenye uzi mwembamba unaoning'inia kando, na ndoana inabaki wazi. Karpe ananyonya chakula, akihisi kitu kigumu anatema, na hapo ndoana inashika mdomo. Fimbo inalazwa juu ya vyuma viwili, na kengele ndogo ya betri inalia uzi ukivutwa. Baada ya hapo kazi ni moja: kungoja.

Mtoto wa miaka 15 hatukuweza kumwacha peke yake usiku kando ya maji. Tukapeana zamu. Usiku wa kwanza alikaa na mkubwa wetu, wa pili na mdogo. Wa tatu ulikuwa wa mama yake. Asubuhi dada yetu alirudi macho mekundu. "Hakuniambia hata neno," alisema. "Kengele haikulia, na yeye hakulia."

Siku ya nne mvua ilinyesha kidogo na watoto walichoka. Tukawapeleka kwenye rasi ya Champaubert. Pale linasimama kanisa peke yake, na makaburi kando yake, na maji karibu pande zote. Kijiji hakipo. Kabla ya kujaza ziwa, vijiji vitatu viliondolewa: Chantecoq, Champaubert-aux-Bois na Nuisement-aux-Bois. Kanisa la Nuisement, lililojengwa kwa nguzo za mbao, lilihamishwa na leo liko Sainte-Marie-du-Lac.  Tulisimama kimya. Sisi tunajua nini maana ya kufunga vitu na kuondoka mahali ulipozikwa kitovu chako. Wale waliambiwa waondoke ili Paris isizame. Mdogo wetu aliuliza: "Na wamama wa hapa, walipata wapi shamba lingine?" Hatukuwa na jibu. Kijana alikuwa anasoma majina kwenye makaburi, moja baada ya lingine, na mama yake alisimama nyuma yake bila kumharakisha.

Usiku wa tano ilikuwa tena zamu ya dada yetu wa katikati. Tulitaka kumbadilisha, akakataa. Kule mwezi wa saba jua linazama karibu saa nne ya usiku, kwa hiyo usiku ni mfupi, lakini una baridi. Alijifunika vitenge viwili juu ya koti, akakaa kwenye kiti. Haya yanayofuata alitusimulia mwenyewe.

Saa tisa ya usiku kengele ililia. Kijana aliruka, akashika fimbo, uzi ukakimbia. Akaita: "Mama, wavu!" Kwa Kiswahili. Dada yetu aliingia majini mpaka magotini na viatu vyake, ameshika ule wavu wenye mpini mrefu, na mikono inatetemeka. Mara mbili samaki alifika karibu na kukimbia. Mara ya tatu akaingia. Walimlaza juu ya godoro lenye maji, mikono imeloweshwa ili wasimtoe utelezi wa ngozi. Kilo 13 na gramu 400. Dada yetu alisema alikuwa mzito kama mtoto wa mwaka mmoja na zaidi, na alitazama kama mtoto.

Halafu wakamrudisha. Huwezi kumtupa, amechoka. Unamshika ndani ya maji taratibu mpaka apate nguvu, na ni dakika nyingi. Basi wako wote wawili wamepiga magoti katika maji baridi, mikono minne juu ya samaki mmoja, na pale ndipo kijana alisema. Kwamba amefeli mwaka. Kwamba barua ya shule ilifika tangu mwezi wa nne na yeye aliificha. Kwamba hataki kuwa mfamasia, hajawahi kutaka, anataka kazi ya maji na samaki.

Dada yetu anatuambia: "Kama tungekuwa jikoni, ningepiga kelele mpaka majirani waamke. Lakini nilikuwa na samaki mkononi." Alisema tu: "Tutaongea asubuhi. Usimwachilie bado, hajapata pumzi." Baadaye karpe alipiga mkia, akawalowesha nyuso, akaenda.

Asubuhi waliongea saa mbili nje ya nyumba. Kulikuwa na machozi, na maneno makali pia, hatuwadanganyi. Sisi tuliwapeleka wadogo mbali.

Jumapili tulimpigia simu mama yetu Bukavu na kumtumia picha. Kijana mwenyewe alimweleza koko wake. Mama alikaa kimya, akauliza: "Kilo kumi na tatu? Na mkamwachilia?" Akaendelea: "Sisi usiku tunasikia wavuvi wanaimba na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja na taa zao, na alfajiri tunapigania beseni moja. Ninyi mnacheza na chakula." Kijana akamjibu kwamba wangewala wote, kesho pasingekuwa na kitu. Mama akasema, "Hilo ni kweli, hata huku wanaovua wadogo kwa nyavu za chandarua wanatuharibia ziwa." Lakini hakukubali yote, na kati yetu pia hatujakubaliana. Mkubwa wetu bado anasema samaki wa namna ile alistahili mafuta ya mawese na bugali. Yeye na fimbo yake moja hakupata kitu, labda ndiyo sababu ana hasira.

Mwezi wa tisa kijana ameanza shule ya ufundi inayofundisha kufuga samaki na kutunza mito. Mama yake bado anaimeza pole pole, kama dawa chungu. Mlango wa chumba unafungwa tena siku nyingine, lakini unafunguliwa.

Kwa wamama wanaotaka kwenda: nunueni kadi kabla ya kufika, na ulizeni sehemu za usiku ni zipi. Wavalisheni wadogo jaketi za kuelea kila wanapokaribia maji, hata yakionekana mafupi. Chukueni nguo za baridi hata kiangazi, na dawa ya mbu. Jioni kagueni miguu ya watoto, majani yana kupe. Na kama una kijana aliyefunga mlango, usiende na maneno mengi. Nenda na chai ya moto na kiti chako, ukae naye.